Hesabu, muziki na historia: lazima aache mawili?

SWALI: Naandika kutoka Langa Langa, Nakuru. Binti yangu yuko Gredi ya 9. Anapenda hesabu kupita kiasi, anapiga kinanda kanisani, na akiwa hayupo kwenye hayo mawili basi amezama katika kitabu cha historia. Sasa anatakiwa kuchagua mkondo mmoja wa Sekondari Pevu, yaani Gredi ya 10 hadi 12, na mapenzi yake matatu yameangukia mikondo mitatu tofauti: hesabu kwenye sayansi na teknolojia, muziki kwenye sanaa na michezo, historia kwenye sayansi za jamii. Kaka yangu anasema mtaka yote hukosa yote, kwa hiyo nimnyang'anye kinanda. Mwalimu wake naye anamsifu kwamba atakuwa Leonardo da Vinci wa Nakuru. Daktari, watu waliobobea katika fani nyingi walikuwapo kweli au ni hadithi za vitabuni? Na leo bado inawezekana? Nimwambie nini mtoto?

JIBU: Mama, walikuwapo, tena wengi kuliko wale wawili watatu wanaotajwa kila mara. Kaka yako hajakosea kabisa, nitaeleza kwa nini, lakini kinanda mwachie mtoto. Nafundisha historia ya sayansi hapa Kisumu, na wazazi wanaouliza swali lako wameongezeka tangu mikondo ianze kuchaguliwa.

Kwanza nimwondoe Leonardo njiani. Kwa mtoto wa miaka 14 ni mfano mbaya. Karibu mwaka 1482 alimwandikia mtawala wa Milan barua ya kuomba kazi, akapanga ujuzi wake mmoja baada ya mwingine: madaraja ya kubebeka, mizinga, magari ya vita, mbinu za kuchimba chini ya ngome. Uchoraji, uliompa jina mpaka leo, aliutaja mwishoni. Alijua mwajiri analipia nini. Huo ulikuwa werevu. Lakini michoro yake ya mwili wa binadamu, ambayo ingewafaa matabibu sana, ilibaki katika madaftari yake, na waliokuja baadaye wakaanza upya kana kwamba hakuwahi kuishi. Kazi nyingi za rangi aliziacha katikati. Mtu akimwambia mtoto awe kama Leonardo, aseme pia ni Leonardo yupi.

Mfano ninaotaka umpe binti yako ni wa ndugu wawili, kaka na dada, nao walianza na muziki kama yeye.

William Herschel alizaliwa Hanover, Ujerumani, mwaka 1738. Baba yake alikuwa mpiga ala katika bendi ya jeshi. William akiwa kijana alihamia Uingereza, na baadaye akapata kazi ya kupiga kinanda kanisani katika mji wa Bath. Alifundisha wanafunzi, aliongoza matamasha, alitunga simfoni 24. Muziki ndio uliomlisha. Ila alikuwa na swali lililokuwa likimsumbua: kwa nini sauti fulani zikipigwa pamoja zinapatana na nyingine zinagombana? Akasoma kitabu cha Robert Smith kuhusu nadharia ya sauti, na nadharia hiyo ni hesabu tupu. Akakipenda kiasi cha kutafuta kitabu kingine cha mwandishi huyohuyo. Hicho cha pili kilihusu mwanga, lenzi na namna ya kutengeneza darubini.

Hakurudi tena alikotoka. Darubini nzuri zilikuwa za bei ya kutisha, basi akaamua kujitengenezea nyumbani. Alichanganya shaba na bati, akamimina kwenye kalibu, kisha akasugua kioo hicho cha metali kwa mikono mpaka king'ae. Dada yake Caroline alikuwa ameletwa Bath ili awe mwimbaji, na kweli aliimba kama mwimbaji mkuu mbele ya watu. Lakini nyumba iligeuka karakana, na Caroline akajikuta akimsomea kaka yake vitabu na kumlisha tonge kwa tonge, kwa kuwa William hakutaka kuinua mikono juu ya kioo. Kuna siku alisugua kwa saa 16 mfululizo. Mwaka 1781 walijaribu kumimina kioo kikubwa zaidi katika chumba cha chini ya nyumba, kalibu yenyewe ikiwa imefinyangwa kwa mavi ya farasi yaliyopondwa. Ikavuja. Metali ya moto ikaenea juu ya sakafu ya mawe, mawe yakapasuka na kuruka hadi darini, na kila mtu akatimua mbio.

Mwaka huohuo, tarehe 13 Machi, akiwa kwenye bustani nyuma ya nyumba, Herschel aliona nukta ambayo haikufanana na nyota. Ikaja kuthibitika kuwa ni sayari, ile tunayoiita Uranus, ya kwanza kugunduliwa tangu watu wa kale wazijue zile zinazoonekana kwa macho. Mfalme akampa mshahara wa pauni 200 kwa mwaka. Hapo ndipo alipoacha kufundisha muziki, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 40. Caroline naye alianza kuangalia mbingu kwa darubini yake mwenyewe, akagundua nyotamkia 8, na kuanzia mwaka 1787 akalipwa pauni 50 kila mwaka kwa kazi hiyo, jambo ambalo halikuwa la kawaida kabisa kwa mwanamke wa wakati ule. Aliishi hadi miaka 97.

Nimekaa hapo kwa makusudi, Mama. Tazama William alivyovuka. Hakuamka siku moja akasema anataka kuwa mtu wa fani nyingi. Alikuwa na kazi moja aliyoimudu, na swali lililozaliwa ndani ya kazi hiyo likamtoa nje ya mipaka yake. Muziki ulimpeleka kwenye hesabu, hesabu ikampeleka kwenye mwanga, mwanga ukampeleka kwenye nyota. Ukiwachunguza wengi wa watu hawa utaona mwendo huo: wanafuata swali moja, na swali lenyewe halijui kwamba shule imepanga masomo kwenye mikondo.

Kwa hesabu na historia sina haja ya kwenda Ulaya. Bethwell Ogot alizaliwa Gem, kaunti ya Siaya, mwaka 1929, na alifariki mwanzoni mwa 2025. Kabla ya kuwa mwanahistoria alikuwa mtu wa hesabu: aliisoma Makerere na akaifundisha, kisha akaenda St Andrews, Uskoti. Wakati huo wasomi wengi wa Kizungu walishikilia kwamba pasipo na maandishi hapana historia, na kwa hiyo watu wa huku kwetu hawana chochote cha kuandikwa kabla ya ukoloni. Ogot akawaendea wazee wa koo mbalimbali, akakusanya masimulizi na orodha za vizazi. Orodha ya vizazi, ukiitazama vizuri, ni data. Unakadiria kizazi huchukua miaka mingapi, unalinganisha ukoo huu na ule, unaona wapi zinakubaliana na wapi mtu ameruka babu mmoja au ameongeza, na polepole unapata makadirio ya lini watu walihama na wapi walipitia. Kitabu chake juu ya historia ya Waluo wa Kusini kilitoka mwaka 1967. Mimi siamini ni bahati tu kwamba kazi hiyo ilifanywa na mtu asiyeogopa tarakimu.

Na mkewe, Grace Ogot, mzaliwa wa Asembo? Muuguzi na mkunga, mtangazaji wa BBC huko London, mwandishi wa hadithi kwa Kiingereza na Kijaluo, kisha mbunge wa Gem na waziri msaidizi. Katika riwaya yake ya mwaka 1966 mume anashikwa na ugonjwa wa ngozi wa ajabu, hospitali inashindwa naye, anapona kwa mganga wa kienyeji. Ni simulizi la mtu aliyewahi kusimama wodini na kumwona mgonjwa akiwa kati ya imani mbili. Watu humtaja kama mwandishi aliyewahi kuwa muuguzi. Mimi ningesema uuguzi ulimpa nusu ya alichoandika.

Kuna mwingine wa Siaya ambaye lazima nimtaje, ingawa hukumuulizia: Odera Oruka, mzaliwa wa Ugenya, mwaka 1944. Alienda Uppsala, Sweden, kusoma sayansi, akageukia falsafa. Aliporudi nyumbani akaanza kuwatafuta wazee wa vijijini waliosifika kwa hekima na kuwahoji kwa kina. Akawagawa katika makundi mawili. Wapo wanaojua mila zote, methali zote na nasaba zote, na wanaweza kukusimulia mpaka jogoo awike, lakini hawajawahi kuuliza kama mila hiyo ina sababu. Na wapo wanaojua hayohayo, lakini ukiwauliza kama wanakubaliana nayo, wanakupa hoja zao, wakati mwingine hoja za kuipinga jamii yao wenyewe. Hao wa pili ndio aliowaita wanafalsafa. Tofauti hiyo iweke akilini unapomtazama mtoto. Anayekumbuka tarehe zote za vita na miji mikuu yote ya dunia atashinda chemshabongo shuleni, na hilo ni jambo la kufurahisha, lakini bado si ubobezi. Msikilize binti yako anapofunga kitabu cha historia: anasimulia tu, au anabisha?

Sasa nimpe kaka yako haki yake.

Thomas Young alizaliwa Uingereza mwaka 1773. Kitaaluma alikuwa daktari wa binadamu. Akiwa na miaka 20 alieleza jinsi jicho linavyobadilisha umbo la lenzi yake ili kuona vitu vya mbali na vya karibu. Baadaye alionyesha kwamba mwanga una tabia ya mawimbi, akapendekeza kwamba jicho hutambua rangi kwa vipokezi vya aina tatu, akaacha jina lake kwenye kipimo cha ukinzani wa vitu vinapovutwa, ambacho wahandisi wa majengo wanakitumia hadi leo, na juu ya hayo akajitosa kwenye maandishi ya kale ya Misri yaliyochongwa kwenye jiwe la Rosetta. Na bado alilipa. Maandishi yake mengi nje ya tiba aliyatoa bila kuweka jina, kwa kuogopa kwamba wagonjwa wangemkimbia daktari anayeshinda kwenye mambo mengine. Yale maandishi ya Misri, Young alifungua mlango: alitambua jina la mfalme Ptolemaio na kuona kwamba baadhi ya alama zinawakilisha sauti. Lakini aliyeingia ndani na kukalia kiti, mwaka 1822, ni Mfaransa Champollion, mtu ambaye tangu utotoni hakutaka kingine ila Misri, na alikuwa amejifunza Kikopti, lugha iliyotokana na ile ya Misri ya kale, mpaka akakizoea kama lugha ya kwao. Katika shindano hilo aliyeshika moja alimshinda aliyeshika mengi. Sifichi.

Leibniz ni kisa cha kuchekesha zaidi. Huyu ni mmoja wa waasisi wa kalkulasi (hesabu ya vitu vinavyobadilika), mwanafalsafa, mwanasheria, mtengenezaji wa mashine ya kuhesabia. Watawala wa Hanover, mji uleule wa Herschel, walimwajiri aandike historia ya ukoo wao. Leibniz akaona haiwezekani kueleza ukoo bila kueleza nchi yao, wala nchi bila kueleza ardhi ilivyoumbika, kwa hiyo akaanza na jiolojia. Alipofariki mwaka 1716, baada ya miongo mitatu, historia ya ukoo ilikuwa imefika mwaka 1005. Mabwana zake hawakufurahi.

Kuhusu leo: kujua yote hakuwezekani, na hilo lilikwisha zamani. Mwaka 2015 wanafizikia wa maabara ya CERN walichapisha makala moja kuhusu uzito wa chembe inayoitwa Higgs. Waandishi wake walikuwa 5,154, na orodha ya majina ilichukua kurasa nyingi kuliko sayansi yenyewe. Hakuna Herschel wa kufanya hiyo bustanini. Lakini kuvuka bado kunawezekana, na pengine kunahitajika zaidi, maana katika watu 5,154 lazima awepo anayeelewa lugha ya chumba cha pili. Mmarekani Herbert Simon alianza katika sayansi ya siasa. Swali lake lilikuwa moja maisha yote: watu huamua vipi wakati hawana habari zote? Swali hilo lilimpitisha kwenye utawala, uchumi, saikolojia na kompyuta. Mwaka 1975 alipata Tuzo ya Turing, ambayo ndiyo kubwa kabisa katika kompyuta, na mwaka 1978 akapata Tuzo ya Nobel ya uchumi. Aliaga dunia mwaka 2001, si enzi za kale hizo.

Tuje kwenye fomu ya kuchagua mkondo. Hapa nitamwazima Ibn Sina, aliyezaliwa karibu na Bukhara mwaka 980, ambaye kitabu chake cha tiba kilifundishwa katika vyuo vya Ulaya kwa karne nyingi. Katika maelezo ya maisha yake anasema, bila aibu yoyote, kwamba tiba si elimu ngumu. Lakini kitabu cha Aristotle cha metafizikia, falsafa ya asili ya kuwapo kwa vitu, alikisoma mara 40, akakihifadhi moyoni, na bado hakukielewa. Siku moja sokoni muuza vitabu akamng'ang'ania anunue kijitabu kwa dirhamu 3. Kilikuwa cha mwanafalsafa al-Farabi, kikieleza makusudi ya kile alichoshindwa. Akaenda nacho nyumbani, na mambo yakafunguka.

Ninachokiona hapo ni kwamba elimu hazilingani kwa namna zinavyohitaji msaada. Zipo ambazo mtoto mwenye bidii atajisomea akaenda mbali. Zipo ambazo bila mtu wa kumwonyesha atazunguka palepale hata akiwa na akili ya Ibn Sina. Kwa hiyo usimuulize binti yako anapenda kipi zaidi, maana hilo hubadilika muhula kwa muhula. Uliza kati ya hayo matatu ni kipi kitaharibika vibaya zaidi akikosa mwalimu kwa miaka mitatu.

Kwangu mimi jibu ni hesabu. Kila hatua inasimama juu ya iliyotangulia, na pengo la Gredi ya 10 ni gumu sana kuziba mtu akishafika chuo. Kumbuka kwamba hesabu ni ya lazima kwa wanafunzi wote wa Sekondari Pevu, lakini ile nzito inaenda na mkondo wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, na mikondo mingine miwili hupewa nyepesi. Serikali inalenga asilimia 60 ya wanafunzi waingie huko, lakini hiyo isiwe sababu yako, wala ajira isiwe sababu. Sababu ni kwamba milango mingi inafunguka kutoka hesabu kwenda kwingine kuliko kutoka kwingine kwenda hesabu. Ogot alitoka hesabu akaenda historia. Safari ya kurudi ingekuwa ngumu zaidi.

Muziki una kanisa, na una Tamasha za Muziki ambazo shule hushiriki bila kuuliza mwimbaji yuko mkondo gani. Ila vidole vinasahau. Kinanda kikifungiwa kabatini miaka mitatu, atakirudia kama mgeni. Dakika 30 kila siku zinamtosha, na hazitamuangusha mtihani. Kama kanisani kuna mtu anayesoma nota, amfundishe nota, asibaki kupiga kwa kusikia tu.

Historia anaweza kuilisha mwenyewe, tena ninyi wa Nakuru mna bahati. Mpeleke Hyrax Hill, ni karibu na mjini. Mary Leakey alichimbua pale kuanzia mwaka 1937. Hakuwa na shahada ya chuo kikuu. Aliingia katika akiolojia kwa mlango wa uchoraji, akiwachorea wataalamu zana za mawe kwa ajili ya vitabu vyao, na jicho la mchoraji likawa silaha yake. Mwonyeshe binti yako yale mashimo ya bao yaliyochongwa kwenye mwamba. Ni mchezo wa kuhesabu ulioachwa na watu wa zamani, hesabu na historia mahali pamoja, na akianza kuuliza walicheza kwa kanuni gani na utajuaje, basi mmepata swali. Mnunulie daftari la kuandika maswali ya namna hiyo. La maswali tu, si la majibu.

Kuhusu masomo yenyewe, atachagua matatu ndani ya michanganyiko iliyowekwa. Kaeni na mwalimu wake muipitie orodha, mwone kama kuna mchanganyiko unaobeba hesabu ya juu pamoja na muziki au historia. Ukikosekana, aingie na fizikia. Sauti ya kinanda ni fizikia pia, na Herschel angemwambia hivyo.

La mwisho ni la shule. Mkondo ulioandikwa kwenye karatasi haufundishi mtu. Kabla ya kuamua, nenda kwenye shule mnazozifikiria, au mpigie simu mzazi mwenye mtoto pale, uulize mambo matatu: walimu wa hesabu ni wangapi na wanakaa au wanahama kila mwaka, maabara inatumika wiki hadi wiki au hufunguliwa wakati wa mtihani tu, na kama kuna chumba chenye ala za muziki, nani anashika ufunguo. Shule ndogo ya kaunti yenye majibu mazuri kwa hayo matatu ni bora kuliko yenye jina kubwa inayokwepa kuyajibu. Kaka yako mpe kazi hiyo ya kuzunguka na kuuliza, kwa kuwa anamjali mpwa wake.